KATIBA NI HATI YA AMANA
Somo juu ya misingi ya katiba, pamoja na yaliyotokea katika nchi ya Meru

UTANGULIZI

Wazee wamesema, "Mnyonge hana haki." Methali hii haikusemwa kuwa ni hukumu ya kufuatwa, bali ni malalamiko ya watu waliodhulumiwa wasipate wa kuwaamulia. Na watu wa mataifa mbalimbali, walipochoshwa na hali hiyo, walitafuta njia ya kuigeuza, ili mnyonge awe na haki, na mwenye nguvu awe na mpaka. Njia hiyo ndiyo iitwayo katiba.

Somo hili lakusudia kueleza misingi ya katiba katika nchi iliyotawaliwa na wageni, kisha ikajitawala kwa kura za watu wake. Mfano umechukuliwa Akheri na nchi ya Meru, karibu na mji wa Arusha. Wala mtu wa pwani asiseme, "Mambo ya Wameru yanihusu nini?" Sharia haitazami kabila. Lililompata mwenye migomba mlimani laweza kumpata mwenye minazi ufukoni, na hukumu iliyomlinda yule yamlinda na huyu.

1. MAANA YA KATIBA

Katiba ni sharia iliyo mama wa sharia zote. Sharia nyingine humfunga raia, asiibe, asipige, asikatae kulipa kodi. Katiba humfunga yule anayetunga sharia na yule anayeitekeleza.

Mfano wake ni wakfu, jambo lisilo geni kwa watu wa pwani. Mtu huweka wakfu shamba la minazi kwa ajili ya kizazi chake na maskini, akaandika hati, akamweka mutawali wa kuliangalia. Mutawali hukodisha, hupokea kodi, huajiri wakwezi, na mpita njia akimwona hudhani kuwa shamba ni lake. Lakini shamba si lake. Hana ruhusa ya kuliuza, wala kulitia katika urithi wa wanawe. Akiyavuka masharti ya hati, wale waliowekewa wakfu wana haki ya kumpeleka kwa kadhi.

Dola ni kama mutawali huyo. Katiba ndiyo hati, na raia ndio waliowekewa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 yasema hivyo katika ibara ya 8, kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba serikali hupata madaraka yake kutoka kwao.

Basi amana yoyote yataka vitu vitatu ili isalimike. Cha kwanza ni hati iliyo wazi. Cha pili ni mlango wa kushitaki, ulio wazi kwa mwenye haki. Cha tatu ni kadhi asiyekuwa mutawali mwenyewe. Kikikosekana kimoja katika vitu hivi, viwili vilivyobaki havimfai mnyonge. Na khabari za Meru zaonyesha jambo hili hatua kwa hatua.

2. HATI ILIKUWAPO, KADHI HAKUWAPO

Akheri ni kijiji cha Wameru katika mteremko wa mlima, mashariki ya Arusha, karibu na Tengeru. Mwaka 1896 waliuawa hapo wamisionari wawili wa chama cha Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Wajerumani walilipiza kwa vita vikali, na katika miaka iliyofuata mashamba makubwa chini ya mlima yakapewa walowezi. Wameru wakabaki wamebanwa, juu yao msitu wa serikali, chini yao mashamba ya wageni.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, walitunga mwaka 1923 Sharia ya Ardhi iliyosema kwamba ardhi yote ya nchi, inayokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma chini ya Gavana. Mwaka 1928 sharia hiyo ikarekebishwa ili kutaja kwamba wenyeji wanaokaa kwa mila zao nao wana haki ya kukaa. Na mwaka 1946 Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza iliafiki mapatano ambayo ibara yake ya 8 yamtaka mtawala aheshimu haki za wenyeji katika ardhi, wala ardhi yao isihamishwe kwenda kwa wasio wenyeji ila kwa idhini ya mamlaka ya nchi.

Msomaji na azingatie maneno hayo ya mwisho. Mamlaka ya nchi yenye kutoa idhini ilikuwa ni serikali ile ile ya kikoloni. Mwenye kutaka kuchukua ndiye aliyeulizwa kama yafaa kuchukua. Hii ndiyo kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilishauri kwamba ardhi za Arusha na Moshi zipangwe upya, na baadhi ya sehemu ziwe za walowezi peke yao. Katika sehemu hizo ilikuwamo Engare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, ambako Wameru wengi walikuwa wakilima na kuchunga. Walipoambiwa wahame, walikataa. Tarehe 17 Novemba 1951 kazi ya kuwahamisha kwa nguvu ikaanza. Nyumba zilichomwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa. Walipewa ardhi kule Kingori, nao hawakuitaka.

Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York, pamoja na mwanasharia Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, akaeleza mashitaka ya watu wake. Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa ilikubali azimio lililowaunga mkono, lakini katika Baraza Kuu azimio hilo halikupata thuluthi mbili za kura, na ardhi haikurudishwa wakati ule.

Hapa pana somo la kwanza. Hati ilikuwapo, nayo ni mapatano ya udhamini. Mwenye kushitaki alikuwapo, akavuka bahari. Lakini mahali alipofika si mahakama, bali ni baraza la mataifa, na mataifa hupiga kura kwa maslahi yao. Haki iliyotegemea huruma ya wengi haikuwa haki imara.

3. KADHI ALIKUWAPO, HATI YA HAKI HAIKUWAPO

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye ikawa jamhuri. Mahakama zilikuwapo, na mahakimu walikuwapo. Lakini katiba ya uhuru, na ya jamhuri mwaka 1962, na ya muda ya mwaka 1965 iliyoweka chama kimoja, na ile ya kudumu ya mwaka 1977, zote zilianza bila ya sehemu ya haki za raia yenye nguvu mahakamani. Viongozi walihofu kwamba sehemu hiyo ingeizuia serikali changa katika kuijenga nchi. Haki zilitajwa katika utangulizi wa katiba, na utangulizi hauwezi kusimamiwa kesi.

Katika zama hizo ndipo ilipofanyika Operesheni Vijiji. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa na kuwekwa katika vijiji vipya, na ardhi za mababu zikagawiwa wengine. Nia iliyotangazwa ilikuwa ni kupeleka shule, maji na zahanati karibu na watu, na katika mahali pengi hayo yalifika. Lakini mtu aliyeondolewa katika shamba lake hakuwa na ibara ya katiba ya kuishika mkononi na kuuliza, "Kwa haki gani?" Mtawala sasa alikuwa mwenyeji wala si mgeni, na ukosefu ulikuwa ni ule ule.

Msomaji asidhani kwamba uhuru na katiba njema ni kitu kimoja. Uhuru humwondoa mutawali wa kigeni. Hauandiki wenyewe masharti ya mutawali mpya.

Mwaka 1984 katiba ilifanyiwa mabadiliko ya tano, zikatiwa ndani yake haki za msingi, ibara ya 12 hadi ya 29, zikaanza kutumika Machi 1985. Serikali ilipewa miaka mitatu ya kuzisafisha sharia zake, na tangu mwaka 1988 raia akaweza kwenda mahakamani kwa haki hizo.

4. MLANGO WAFUNGULIWA

Sasa hati ilikuwapo, na kadhi alikuwapo. Kilichobaki ni mlango. Sharia ya mwaka 1967 juu ya mashauri ya serikali, pamoja na marekebisho yake, ilimtaka mtu anayetaka kuishitaki serikali apate kwanza idhini ya waziri. Maana yake, aliyedhulumiwa na mutawali amwombe mutawali ruhusa ya kwenda kwa kadhi.

Kukutia Ole Pumbun na mwenzake walilipinga jambo hili, na mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililosikilizwa Arusha, ikatamka kwamba sharti hilo lapingana na katiba, kwa sababu lamnyima mtu haki ya kusikilizwa. Katika hukumu hiyo mahakama iliweka mizani ya kupimia sharia yoyote inayopunguza haki ya raia, na mizani hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza, sharia isimpe mtu uwezo wa kuamua apendavyo bila ya kizuizi. Upande wa pili, isipunguze haki zaidi ya kadiri inayohitajiwa na lile jambo jema lililokusudiwa.

5. ARDHI YA MILA NI MALI

Mwaka uliofuata likaja shauri kubwa kuliko hilo. Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima wa Kambi ya Simba katika nchi ya Mbulu, walikuwa na ardhi kwa mila. Mwaka 1987 walifungua daawa wairudishe ardhi yao, wakashinda, wakakabidhiwa. Wakati rufaa ya wapinzani wao ingali inangoja, Bunge likatunga Sharia namba 22 ya mwaka 1992 juu ya vijiji vilivyoanzishwa. Sharia hiyo ilifuta haki za mila katika ardhi iliyogawiwa wakati wa vijiji, ikakataza kulipa fidia, ikazivunja kesi zilizokuwamo mahakamani, na ikazuia hukumu zilizokwisha tolewa zisitekelezwe.

Baba na mwana wakaenda Mahakama Kuu ya Arusha, wakashinda. Serikali ikakata rufaa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi yote ni ya umma, mkulima wa mila hana milki, na asiye na milki hana mali ya kulindwa na ibara ya 24.

Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliikataa hoja hiyo. Ilisema kwamba Rais ameshika ardhi ya umma kwa amana kwa ajili ya wenyeji, na mwenye kushika amana hawezi kujifanya ndiye mwenye kufaidika nayo. Lau hoja ya serikali ingekubaliwa, wenyeji wengi wa nchi wangekuwa ni wavamizi katika nchi yao wenyewe. Basi haki ya mila katika ardhi, ingawa ni haki ya kukaa na kutumia tu, ni mali, na mwenye nayo haondolewi ila kwa fidia ya haki. Na fidia hiyo haikomei kwenye nyumba na miti iliyopandwa. Jasho lililotiwa katika ardhi nalo huhesabiwa.

Tena mahakama ilisema kwamba Bunge haliwezi kuzinyang'anya mahakama kazi yao. Katiba, katika ibara ya 4, imegawa kazi za dola, Bunge kutunga sharia, serikali kutekeleza, mahakama kutoa haki. Sharia inayomwambia hakimu, "Kesi hii usiisikilize," yavunja mgawanyo huo. Ndipo vifungu vikuu vya sharia ile vikatamkwa kuwa ni batili.

Baadaye, katika Sharia ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliandikwa kwamba haki ya mila ni sawa kwa daraja na haki iliyotolewa kwa hati ya serikali. Basi yaliyokosekana Engare Nanyuki mwaka 1951 yalipatikana katika mkoa ule ule wa Arusha baada ya miaka zaidi ya arubaini.

6. NANI AWEZA KUIANDIKA HATI UPYA?

Lakini mwenye akili atauliza, "Kama mutawali ameshindwa kwa kadhi, je, hawezi kuibadili hati?" Suala hili ndilo gumu kuliko yote katika elimu ya katiba.

Kwa ibara ya 98, katiba ya Tanzania hubadilishwa na Bunge kwa thuluthi mbili ya wabunge wote, na katika mambo kadha yatakiwa thuluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na thuluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Kura ya wananchi wote haikutajwa katika ibara hiyo. Chama kinachoshika viti vingi chaweza, basi, kuibadili hati peke yake.

Jambo hili lilionekana katika daawa ya Christopher Mtikila. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimpa haki, ikasema mtu aweza kugombea uchaguzi bila ya chama. Bunge likabadili katiba yenyewe ili kulizuia jambo hilo. Alirudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge, si la mahakama. Ndipo alipokwenda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, nayo mwaka 2013 ikaamua kwamba haki yake ilivunjwa. Mwaka 2019 Tanzania ilijitoa katika tamko lililowaruhusu raia kwenda wenyewe moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Kadhi yupo Arusha, mwendo mfupi kutoka Akheri, na mlango ukarudishwa.

Kenya imefuata njia nyingine. Katiba yake ya mwaka 2010 yataka kura ya wananchi wote kabla ya kubadili mambo makuu, kama haki za msingi na uhuru wa mahakama. Na Machi 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika shauri la mabadiliko yaliyojulikana kwa jina la BBI, kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya raia.

7. MASUALI NA MAJIBU

Suali: Je, katiba yaizuia serikali kabisa kutwaa ardhi ya mtu kwa ajili ya barabara au hospitali?
Jawabu: Haimzuii. Ibara ya 24 yataka mambo mawili, kwamba utwaaji uwe kwa mujibu wa sharia, na kwamba mwenye ardhi alipwe fidia inayostahili.

Suali: Je, haki za raia hazina mpaka?
Jawabu: Zina mpaka. Ibara ya 30 yasema haki ya mmoja isitumiwe kuvunja haki ya wengine au maslahi ya umma. Lakini mpaka huo hupimwa kwa mizani ya hukumu ya mwaka 1993 iliyotajwa juu.

Suali: Mtu akiona haki yake ya msingi imevunjwa, aende wapi?
Jawabu: Aende Mahakama Kuu, kwa ibara ya 30(3), na utaratibu wake umo katika sharia namba 33 ya mwaka 1994. Mwaka 2020 sharia hiyo ilirekebishwa, ikataka mshitaki aonyeshe jinsi jambo lilivyomgusa yeye mwenyewe. Basi na aweke ushahidi wake tayari.

Suali: Mahakama ikiona sharia yapingana na katiba, je, hufutika saa ile?
Jawabu: Yaweza kufutwa. Lakini ibara ya 30(5) yairuhusu mahakama kuipa serikali au Bunge muda wa kurekebisha kasoro badala ya kuifuta papo hapo.

KHATIMA

Mukhtasari wa somo ni huu. Katiba ni hati ya amana, na dola ni mutawali. Amana husalimika kwa hati iliyo wazi, kwa mlango usiofungwa, na kwa kadhi aliye huru. Wameru wa mwaka 1951 walikuwa na hati bila kadhi. Raia wa baada ya uhuru walikuwa na kadhi bila hati. Wakulima wa mwaka 1994 walivipata vyote vitatu, na ndiyo sababu wakashinda.

Wala vitu hivi havijilindi vyenyewe. Hukumu zile zilipatikana kwa sababu mkulima alikubali kusimama mbele ya hakimu dhidi ya serikali nzima. Basi kila mwenye shamba, nyumba au kiwanja na aweke karatasi zake mahali salama, awajue mashahidi wa mipaka yake wangali hai, na asome, au asomewe, ibara za haki za msingi katika katiba ya nchi yake. Hati isiyosomwa na waliowekewa husomwa na mutawali peke yake, naye huisoma apendavyo.